Bi Mkubwa Ahamia kwa Jirani

Jumamosi, 30 Novemba

Daftari hili nimepewa na mke wangu Lorna. Amesema, "Vern, maneno yako yamwagie humu, masikio yangu yamejaa." Haya. Wewe unayesoma, ujue unakula makombo ya Lorna.

Mimi ni Vern Doolan, fundi mkereza vyuma, kiwanda cha sukari, miaka ishirini na sita. Shule niliachana nayo darasa la nane, kwa makubaliano ya pande zote mbili. Lakini nimekereza shafti kisiwani Bougainville huku watu wanarushiana risasi, na kisiwani Nauru nilitengeneza valvu ya pampu kwa mguu wa kitanda cha hospitali, mgonjwa akiwa bado amelala. Toka mji wa Mackay mpaka mji wa Cairns, pwani yote hii ya miwa, hakuna fundi wa kunifikia. Kama yupo ajitokeze, nimnunulie bia kwanza, halafu nimwaibishe.

Jana miwa ya mwisho imesagwa. Na jana saa ya chai kofia ilipita. Kiwandani kwetu kitu cha zamani kikitupwa hakigombewi: kila anayekitaka anaandika jina kwenye kikaratasi, anatia ndani ya kofia ngumu ya mnyapara. Jina likitoka, kitu ni chako, ila ukihamishe mwenyewe kabla ya tarehe utakayopewa. Tarehe ikipita, kofia inapita tena.

Jana kofia ilikuwa ya Bi Mkubwa. Ndiyo mashine yangu ya kukereza, ile inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga. Uzito wake tani mbili kasoro, imezaliwa kabla yangu, na imenyooka kuliko watu wote ninaowajua. Wameleta nyingine ya kompyuta, unaibonyezabonyeza kama simu.

Jina langu halikutoka. Limetoka la Ugo Pezzutti.

Narudia, daftari lisikie vizuri. Ugo Pezzutti! Jirani yangu wa upande wa kushoto, mpima sukari wa maabara, mwenye viganja laini kama vya askofu. Miaka thelathini na moja anatikisa vichupa. Huyo ndiye kapewa Bi Mkubwa, na mwisho wa kumhamisha ni tarehe saba Februari.

Jumanne, 3 Desemba

Mvua.

Jumatano, 4 Desemba

Mvua. Ugo kanunua kitabu cha ukerezaji. Kitabu! Mtu anajifunza kuogelea kwa barua.

Jumatano, 11 Desemba

Ugo alikuja kwenye uzio na mwavuli wake.

"Vern, jirani yangu, nina swali."

"Uliza, swali halikatazwi."

"Ile mashine, nikiibeba, kisu na kile kigari chake nivisukume upande gani?"

Nikamtazama. Mwanagenzi mdogo kabisa pale kiwandani anajua: kichwa cha mashine ndicho kizito, kwa hiyo unasukuma kila kinachosogea mpaka upande wa mkia, unakikaza, ndipo uzito unakaa sawa. La sivyo inainama kama mlevi na kukulalia. Nikamjibu, "Kitabu kinasemaje?"

"Kitabu hakijafika hapo."

"Basi kisubiri, kinakuja kwa miguu."

Akacheka. Ndicho kinachoniudhi kwa Ugo, ukimtukana anacheka. Jioni nikamwambia Lorna kwa majivuno jinsi nilivyomjibu. Lorna akaendelea kukunja nguo. "Na ikimlalia?" akauliza. Sikupenda swali lile, nikaenda nikamwambia Ugo ng'ambo ya uzio, kwa sauti ya kukaripia, asukume kila kitu mkiani na akikaze. Akaandika kwenye kiganja chake. Cha askofu.

Jumamosi, 14 Desemba

Mvua. Mto umefunika daraja la chini.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Joto la kukaanga yai kwenye boneti. Tulikula kwa kina Ugo: paja la nguruwe baridi, kamba, na vile vitumbua vyembamba vya mama yake Ugo, Bibi Assunta, vyenye sukari ya unga mpaka ukikohoa unageuka wingu. Ana miaka themanini na nane, amevaa nyeusi tangu mumewe afe enzi za kukata miwa kwa panga, na ulimi wake ungali unakata.

"Wewe Doolan," akaniambia, "mwanangu anasema wewe ndiye unayejua mashine. Mbona hukupewa wewe?"

Nikasema, "Bahati, Bibi."

"Bahati," akasema, akaniongezea nyama kama anayempa pole mfiwa.

Baadaye Ugo aliosha vyombo. Lorna njiani, hatua ishirini za njia: "Umemwona Ugo alivyoosha vyombo?" Nimemwona. "Na alivyomfunika mama yake shali?" Nimeona, Lorna. Nina macho. "Na mashine amenieleza vizuri kabisa inavyofanya kazi, nimeelewa kwa mara ya kwanza."

Kwa mara ya kwanza! Miaka ishirini na sita nimekuwa nikimweleza nani, kabati?

Jumapili, 5 Januari

Ugo kanieleza mpango wake. Nyumba zetu zote mtaa huu zimekaa juu ya nguzo, gereji ni huko chini ya sakafu. Sasa yeye atarudisha tela mpaka chini ya nyumba, apitishe mnyororo wa winchi juu ya boriti kubwa ya sakafu, ainue mashine, tela litoke, kisha aishushe taratibu juu ya zege. Dereva wa lori anayemsaidia, jitu la kilo mia na hamsini ambalo sisi tunaliita Kidogo, anasema baba yake aliinulia injini ya trekta hivyo hivyo. Ni kweli. Hakuna nyumba mtaa huu isiyo na kovu la mnyororo kwenye boriti. Tunaning'iniza injini, mashua, nguruwe wa kuchuna, vyote kwenye sakafu tunayolalia juu yake. Hata mimi nimefanya.

Nilitaka kucheka mpango, nikakuta hauna la kuchekwa. Nikaumia zaidi.

Alhamisi, 9 Januari

Mvua. Ugo anapaka rangi boriti zake. Nyeupe. Anapiga mluzi.

Ijumaa, 10 Januari

Mvua. Bado anapiga mluzi.

Jumapili, 12 Januari

Leo naandika polepole.

Lorna alinituma kurudisha sahani yao ya Krismasi. Ugo hakuwepo, kaenda kuazima winchi. Nikasimama chini ya nyumba yao kuikwepa mvua, na kama ilivyo tabia yangu, nikaigonga boriti kwa kifundo cha kidole. Fundi hawezi kupita penye kitu asikigonge. Mti mzima unajibu *ko*. Ile ilijibu kama boksi la viatu.

Nikatoa ufunguo wa mlango wangu. Nikaugusisha pale kwenye rangi nyeupe mpya, nikasukuma kwa kidole gumba tu. Ukazama mpaka kwenye tundu la kufungia kamba. Nilipoutoa ulitoka na vumbi, na mchwa wawili, weupe, hawana hata haraka.

Wameila yote, wakaacha ngozi. Ndivyo walivyo, hawali rangi.

Nikaziba tundu kwa mate na kipande cha rangi. Nikaweka sahani kwenye ngazi. Nikarudi nyumbani.

Lorna akauliza, "Umemkuta?" Nikasema sikumkuta, ambayo si uongo.

Nimekaa hapa na kalamu nijue kwa nini sikusema. Nitasema ukweli, maana daftari halina mdomo. Nikimwambia, atatafuta njia nyingine, na atafaulu, atapiga mluzi. Nikinyamaza, siku hiyo mtaa mzima utakuwa umejipanga kwenye uzio na bia zao, boriti itavunjika, Bi Mkubwa atarudi kwenye tela kwa kishindo, Ugo atabaki na mnyororo mkononi. Na watu watasema: angalimwuliza Vern. Hilo tu. Sitaki aumie. Nataka aaibike. Boriti itasema yenyewe.

Jumanne, 14 Januari

Mvua.

Jumatano, 15 Januari

Mvua. Nimekula vizuri. Kwa nini nisile?

Jumapili, 19 Januari

Ugo alikuja kutushukuru kwa kurudisha sahani. Nikamwuliza, kwa sababu lilikuwa linaniwasha: "Hivi wewe, mashine ya nini? Ukereze nini?"

Akafikiri. Ugo akiulizwa anafikiri, ni ugonjwa. "Miaka thelathini na moja, Vern, nimepima kitu kinachoyeyuka. Kila mwaka tani laki ngapi, na hakuna hata chembe moja unayoweza kusema hii ni ya Ugo. Nataka nitengeneze kitu kimoja kigumu. Hata kiwe kibaya."

Nikamwambia kibaya hakitakosa. Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumatatu, 27 Januari

Mvua milimita mia mbili na kumi toka jana. Chura ndani ya kiatu. Redio inasema kimbunga kimegeuka kwenda baharini. Hata hicho kimepata busara ya kugeuka.

Jumamosi, 1 Februari

Asubuhi nilikuwa nyuma ya nyumba nakata nyasi za ukingoni. Bibi Assunta alikuwa dirishani kwake anamenya maharage, anaimba. Nikainua macho kumsalimu. Dirisha. Kiti. Halafu macho yakashuka yenyewe chini ya kiti, chini ya sakafu, mpaka kwenye boriti nyeupe.

Kiti chake kiko pale pale. Kutwa nzima yuko pale. Siku ya mashine atakuwa pale, maana hakuna mtu atakayemtoa dirishani siku ambayo mtaa mzima umekuja kutazama.

Wiki tatu nimechora picha ile kichwani, na kwenye picha nimemweka Ugo, Kidogo, majirani, hata mbwa. Bibi sikumweka.

Niliacha mundu kwenye nyasi, nikaenda. Ugo na Kidogo walikuwa wanafunga winchi.

"Ugo, usiitumie hiyo boriti. Ina mchwa. Imekwisha."

Kidogo akamtazama Ugo, Ugo akamtazama Kidogo. Kidogo akaanza kucheka, tumbo likatangulia, sauti ikafuata. "Ijumaa ndiyo mwisho wa kuitoa kiwandani. Leo Jumamosi. Na leo ndiyo boriti imeota mchwa! Vern, wewe kofia unaitamani ipite tena, sema tu."

"Naongea kweli, we tenga la nyama!"

"Kitabu kinasemaje?" Ugo akaniuliza. Hakucheka safari hii. Maneno yangu mwenyewe, kayaweka miezi miwili, kanirudishia yakiwa yamepoa. "Kila siku tangu Novemba unaniponda, Vern. Nimevumilia kwa sababu najua ulivyoipenda. Lakini hii nimeipaka rangi kwa mikono yangu. Nenda nyumbani."

"Ichome tu kwa bisibisi, utaona."

"Nenda nyumbani, jirani. Huo ni wivu."

Nikaenda nyumbani. Mimi! Na lililoniuma zaidi ni kwamba alikuwa na haki. Huwezi kuuza samaki wabovu miezi miwili, mwezi wa tatu ukalia kwamba leo ni wabichi.

Jumapili, 2 Februari

Mvua. Nilimwambia Lorna kila kitu, pamoja na ufunguo. Hakunigombeza. Alisema, "Tarehe kumi na mbili," basi, akaenda kulisha kuku wakati kuku wameshakula.

Na kuna jingine, niliandike nalo, la sivyo nitapasuka. Ukurasa wa kwanza nimesema jina langu halikutoka. Ni kweli halikutoka. Halikutoka kwa sababu halikuingia. Kofia ilipofika kwangu nilikuwa na kikaratasi tayari, na watu kumi na wanne wananitazama, nikasema kwa sauti, "Mimi niombe kitu changu mwenyewe?" Nikaipitisha. Nilidhani wote watacheka na kumrudishia mnyapara kofia tupu, waseme, ni ya Vern hiyo. Ugo alikuwa wa pili baada yangu. Alinitazama muda mrefu kabla ya kutia jina lake.

Kwa hiyo hakuninyang'anya mtu.

Jumatano, 5 Februari

Lorna alikwenda kwa Ugo kumwambia. Ugo kamsikiliza kwa heshima, kampa kahawa, kasema, "Unamtetea mumeo, ni vizuri." Ijumaa wanaileta.

Ijumaa, 7 Februari

Kurasa za leo ni nyingi.

Saa tatu asubuhi lori la Kidogo likaleta tela, Bi Mkubwa juu yake, amefungwa kwa maturubai kama bibi harusi. Mtaa wote uzioni na bia zao. Mvua ya rasharasha. Bibi Assunta dirishani, kavaa hereni.

Nilikuwa nimeapa kukaa kwangu. Nikakaa mpaka tela likaingia chini ya nyumba na mnyororo ukakaza. Ugo alivuta winchi: *kra, kra, kra.* Mashine ikapanda kidole kimoja juu ya tela. Kisha nikasikia sauti ambayo wale wa bia hawakuisikia. Nyembamba, kama mtu anayekunja karatasi chumba cha pili.

Sijui niliupitaje uzio. Nina miaka sitini na tatu na goti la Bougainville. Lorna anasema niliuruka, mimi nadhani ulihama.

"Shusha!"

"Vern, toka!"

"Ugo, nakuomba. Nimekuomba lini mimi? Sasa nakuomba. Shusha kidole kimoja, halafu nitukane."

Kidogo akanishika bega. Mkono wake ni mzito kama mlango. Lakini nilikuwa na mtaimbo, ule mrefu, nikasimama pembeni kabisa, maana hata kwa wazimu chini ya mzigo unaoning'inia sisimami, nikauelekeza juu, nikaisukuma boriti ubavuni, mbali na mnyororo. Sikupiga. Nilisukuma kama unavyosukuma mlango wa choo kujua kama kuna mtu.

Mtaimbo ukaingia. Ukaingia tu. Rangi nyeupe ikapasuka kama ganda la yai, na vumbi likamwagika juu ya kofia ya Kidogo, vumbi na wadudu, likaendelea kumwagika.

Kidogo aliniachia bega. Ugo, rangi imemtoka, akaanza kurudisha winchi, jino moja moja, *kra*, anangoja, *kra*, anangoja. Kidole kimoja tu kile kilichukua dakika nzima. Bi Mkubwa akakaa kwenye tela. Mnyororo ukalegea.

Sauti ya Bibi toka juu: "Mbona hamvuti? Mmechoka tayari?"

Ugo akainua uso kutazama mbao za sakafu ya mama yake. Kisha akanitazama mimi.

"Ulijuaje?"

Ningeweza kusema nimeisikia leo. Wangeniimba mpaka Pasaka: Vern mwenye masikio. Nikasema, "Najua tangu tarehe kumi na mbili mwezi uliopita. Niliichoma kwa ufunguo. Nikanyamaza."

"Wiki tatu."

"Wiki tatu."

"Mama analala juu ya hii boriti, Vern." Alisema kwa sauti ndogo, akanipa mgongo, akapanda ngazi. Tukasikia kiti kikiburutwa. Akateremka na mama yake mkononi, taratibu, na hereni zake, akampeleka kwangu, akamkabidhi kwa Lorna. Akarudi. Nikangoja ngumi. Ningeipokea.

"Haya," akasema. "Wewe unajua. Tunafanyaje?"

Tukafanya hivi. Kwanza tuliegemeza boriti kwa magogo matano ya reli, kila moja na kabari zake, kabla ya mtu kusogeza chochote. Tela tukalivuta nje mpaka kwenye changarawe. Niliwafukuza watazamaji wote, maana bia na tani mbili haviwi chumba kimoja. Nikakagua kisu na kigari: vyote mkiani, vimekazwa, Ugo alivikaza vizuri. Kidogo akashusha tela lake kwa haidroli mpaka likagusa ardhi. Tukatandika bamba za chuma juu ya tope toka tela hadi kwenye zege. Chini ya mashine tayari kulikuwa na mbao mbili nene zilizofungwa kwa bolti, kazi ya Ugo, na sikupata kosa, ingawa nilitafuta.

Kisha jeki. Unainua kidole, unategemeza kidole. Unainua, unategemeza. Hakuna mkono chini, hata kwa kuokota pete ya ndoa. Mabomba matatu chini, la nne mkononi. La nyuma likitoka, linakwenda mbele. Kamba ya nyuma tuliizungusha kwenye ndoano ya lori, Kidogo akaishika aiachie sentimita kwa sentimita, maana kuna mteremko, na Bi Mkubwa akianza kukimbia hakuna mwanamume wa kumwita arudi.

"Lete bomba, we askofu!"

"Askofu nani?"

"Wewe! Lete! Mguu huo, toa mguu!"

Mita kumi na moja. Kazi yote ilikula saa sita na nusu. Mara moja bomba lilikwenda mshazari na mashine ikageuza kichwa kama inataka kurudi kiwandani. Nikasema simama, wote wakasimama, Ugo akiwa na mtaimbo, akauliza kwa macho asogeze wapi, nikamwonyesha kwa kidevu, akasogeza. Aliusogeza polepole, kwa mkono wa mtu aliyepima matone maisha yake yote. Mimi ningesukuma kwa nguvu. Lazima niandike: mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Nimeandika. Sitarudia.

Saa kumi alasiri Bi Mkubwa akawa juu ya zege, chini ya nyumba ya Ugo Pezzutti.

Hakunishukuru. Alinipa taulo.

Jumamosi, 8 Februari

Goti. Mgongo. Kila kitu.

Ijumaa, 14 Februari

Mvua. Mafundi wamekuja kubadilisha boriti ya Ugo. Jana Lorna kaniambia niite mtu atazame na zetu. Nimezigonga zote mwenyewe. *Ko, ko, ko.* Lakini nimeita mtu.

Jumapili, 23 Februari

Ugo hajaja uzioni siku kumi na sita. Sihesabu.

Jumamosi, 29 Februari

Bibi Assunta kanipigia kelele toka dirishani: "Doolan! Mwanangu hasemi na wewe?"

"Ana haki, Bibi."

"Nimemwambia, huyo aliniua wiki tatu, akaniokoa siku moja. Hesabu haijatoka sawa, lakini wengine hawafiki hata siku moja." Akanirushia maganda ya maharage. Sijui kama ni msamaha au ni takataka.

Jumamosi, 7 Machi

Hakuna mvua!

Jumapili, 15 Machi

Leo Ugo alikuja uzioni. Bila mwavuli.

"Kitabu kinasema lazima ikae sawa kabla ya kukereza. Nina pima maji ya seremala."

"Ya seremala! Hiyo ni ya kutundikia picha." Nikaenda na yangu, ile ndani ya boksi la velveti ambalo hata Lorna haruhusiwi kulifuta vumbi. Tukashinda toka asubuhi. Unalegeza bolti, unatia kibati chembamba kama karatasi, unakaza, unatazama. Mwisho kile kiputo cha hewa kikakaa katikati, kikatulia kama mtoto aliyeshiba.

"Sasa," Ugo akasema, "nani aiwashe?"

Daftari, nisikilize. Aliuliza kweli. Hakuwa ananikejeli. Mkono wangu wa kulia uliinuka wenyewe, miaka ishirini na sita inajua kiwashio kilipo. Na wivu wote wa msimu mzima ukanirudia mara moja, mbichi kama siku ya kofia.

"Mwenyewe," nikasema.

Akaiwasha. Akaweka kisu juu mno, nikaona. Akakisogeza haraka mno, nikaona. Chuma kikapiga ukelele wa kumfufua nguruwe. Mimi nilikuwa nimeshatia mikono yote miwili mifukoni, nikaifumba humo, nikaishikilia. Tani mbili tumezihamisha kwa jeki na mabomba; mikono miwili niliishika mwenyewe bila kamba.

Akazima. Akatoa kipande, kijiti cha chuma urefu wa kidole, akakifuta kwa shati lake, akakigeuza kwenye mwanga. Kilikuwa kama hindi lililogugunwa na panya.

"Kikoje?" akaniuliza.

Nikakipokea. Kilikuwa bado cha moto.

"Kigumu," nikasema.